Historia yetu kwenye gemu: nani anawafundisha watoto?

Ukimuuliza kijana wa leo wa miaka kumi na minne habari za Sultani Salahuddin Ayyubi, usishangae akakujibu vizuri kuliko ulivyotarajia. Atakutajia vita vya Hattin, atakutajia Akka, atakutajia hata jina la Richard mfalme wa Uingereza. Utafurahi na kusema alhamdulillah, ada ya madrasa haikupotea. Kisha muulize amesoma wapi. Wengi watakwambia: kwenye gemu.

Jambo hili si dogo, na wala si la kucheka. Zamani ilikuwa redio, ikaja sinema, ikaja video, na kila kilipokuja kimoja wazazi tuligawanyika makundi mawili. Kundi moja likasema haramu, likafunga mlango. La pili likasema watoto waache wacheze, likaenda zake kazini. Makundi yote mawili yana sifa moja, nayo ni kwamba hakuna aliyekaa akatazama ndani kuna nini. Makala haya nimekusudia tutazame ndani. Kuhusu hukmu ya kucheza, muda unaopotea na Swala zinazopitwa, masheikh wamekwishasema na wataendelea kusema. Mimi nazungumzia jambo moja tu: michezo hii ya kompyuta inapojenga upya miji ya kale na kuwafufua watu waliokwisha kufa, inasema ukweli kiasi gani, na pale inapobadilisha ukweli, inabadilisha kwa faida ya nani?

Kwanza tufahamu namna kazi yenyewe inavyofanyika, maana wapo wanaodhani ni vijana wachache wamekaa chumbani wanachora katuni. Gemu kubwa za leo zinatengenezwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa, kwa gharama inayozidi ya sinema nyingi. Kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa, yenye tawi kubwa kule Montreal nchini Kanada, huajiri wanahistoria. Wanakusanya ramani za kale, michoro ya wasafiri na ripoti za wachimbaji wa mambo ya kale, kisha wachoraji wanajenga mji mtaa kwa mtaa. Gemu yao ya mwaka 2014 juu ya Mapinduzi ya Ufaransa ilijenga kanisa kuu la Notre-Dame la Paris kwa uangalifu mkubwa, kazi iliyomchukua mchoraji mmoja kiasi cha miaka miwili. Hata hivyo juu ya paa la kanisa hilo waliweka mnara mwembamba ambao ulijengwa katikati ya karne ya 19, miongo mingi baada ya mapinduzi yenyewe! Kwa nini? Kwa sababu watu wa leo wamezoea kuliona kanisa hilo likiwa na mnara. Yaani mtengenezaji hakujengi mji ulivyokuwa. Anakujengea mji unavyotarajia kuuona.

Shika nukta hiyo, kwani tutairudia tukifika kwa Waislamu.

Nukta nyingine ni kwamba gemu si kitabu. Kitabu kinaweza kukwambia kuwa mji ulizingirwa miaka miwili na watu wakafa kwa njaa na maradhi. Katika gemu hakuna atakayenunua mchezo wa kukaa na njaa miaka miwili. Lazima awepo mtu mmoja ambaye wewe ndiye yeye, lazima awepo adui, na lazima uweze kushinda. Mambo makubwa ya historia, kama kodi, ukame, biashara, ndoa za watawala na hitilafu za wanazuoni, yote hubanwa yakawa ni kisu cha mtu mmoja.

Tuchukue mfano ulio mashuhuri. Novemba mwaka 2007 Ubisoft walitoa gemu iitwayo Assassin's Creed. Inatokea mwaka 1191, zama za Vita vya Tatu vya Msalaba, katika miji ya Damascus, Akka na Baytul Maqdis. Anayeicheza anakuwa kijana aitwaye Altaïr, mfuasi wa kundi lenye makao yake katika ngome ya Masyaf, nchini Syria. Ngome hiyo ipo kweli. Na kundi lilikuwepo kweli: ni Waismailia wa tawi la Nizari, ambao Hasan bin Sabbah aliwatwalia ngome ya Alamut huko Uajemi mwaka 1090, na ambao kwa upande wa Syria waliongozwa na Rashiduddin Sinan.

Ni kweli pia kwamba watu hawa walitumia mauaji ya viongozi kama silaha ya siasa. Walijaribu mara mbili kumuua Salahuddin, mwaka 1175 na 1176. Salahuddin akaenda kuizingira Masyaf, kisha akaondoka, na baadaye wakaishi kwa suluhu. Aprili mwaka 1192 watu wawili waliojigeuza watawa wa Kikristo walimuua Conrad wa Montferrat katika mji wa Sur, na lawama zikaelekezwa kwa Sinan. Mpaka hapo gemu inasimama juu ya kitu.

Lakini imani yao iko wapi? Hapa ndipo penye mushkeli. Katika gemu nzima kundi hili halina dini inayoeleweka. Badala yake limepewa kaulimbiu ambayo maana yake ni kuwa hakuna ukweli wowote duniani na hakuna kilichokatazwa. Kaulimbiu hiyo haikutoka katika vitabu vya Waismailia wala vya wapinzani wao Masunni. Imetoka katika riwaya ya mwandishi wa Slovenia, Vladimir Bartol, iliyotolewa mwaka 1938, na watengenezaji wa gemu wenyewe wamekiri kuwa riwaya hiyo ndiyo iliyowapa msukumo. Sasa linganisha na yaliyosimuliwa na wanahistoria wa zama zile, ambao walikuwa maadui wa Waismailia: kwamba Hasan bin Sabbah alikuwa mkali wa sharia kiasi cha kumuua mwanawe mwenyewe kwa tuhuma ya kunywa mvinyo. Mtu huyu ndiye anayenasibishwa na mafundisho ya kwamba hakuna haramu!

Na lile jina lenyewe, lililoingia katika lugha za Ulaya kwa maana ya muuaji, limejengwa juu ya matusi. Wapinzani waliwaita wavuta hashishi, na wasafiri wa Kizungu, akiwemo Marco Polo, wakalijengea tusi hilo hekaya ya bustani na vijana waliolevywa. Msomi Farhad Daftary aliandika kitabu kizima mwaka 1994 kuonyesha namna hekaya hizo zilivyotungwa. Tunaweza kuwa na hitilafu zetu za kiitikadi na Waismailia, na zinajulikana. Ila hitilafu haimpi mtu ruhusa ya kudhulumu. Hawa si watu wa Alamut tu. Ni jirani zetu wa Upanga na wa Nairobi, ni wale wale ambao taasisi za imamu wao Aga Khan zimejenga hospitali na shule ambazo watoto wetu wanazitumia. Ngome ya Masyaf yenyewe ilikarabatiwa kwa fedha za taasisi ya Aga Khan. Nani miongoni mwa vijana wanaoicheza gemu hii anajua kuwa "wauaji" wale wana wajukuu mjini Dar es Salaam?

Nije kwenye jambo zito zaidi. Mji wa Akka uliangukia mikononi mwa Wazungu wa Msalaba Julai 12, 1191 baada ya kuzingirwa karibu miaka miwili. Ilikubaliwa kuwa Waislamu waliotekwa wataachiwa kwa fidia. Malipo yalipochelewa, tarehe 20 Agosti Richard aliamuru mateka watolewe nje ya mji mbele ya macho ya jeshi la Salahuddin, wakachinjwa. Idadi yao inakaribia 2,700. Hili si dai la Waislamu peke yao. Richard mwenyewe, katika barua aliyoandika mwaka ule ule kwa mkuu wa watawa wa Clairvaux, alitaja watu wapatao 2,600 na akaona amefanya jambo la sawa.

Gemu inalijua tukio hili, haikulificha. Imefanya jambo la werevu zaidi. Ndani yake Richard anaonekana akimkaripia mtu wake, William wa Montferrat, kwa kuwaua mateka ambao yeye mfalme alitaka wabadilishwe na watu wake waliotekwa. Mfalme anakuwa mwenye huruma, dhambi anabebeshwa mtumishi, na mchezaji anakwenda kumuua mtumishi huyo na kuhisi haki imetendeka. Mauaji yamebaki palepale, wafu wamebaki palepale, kilichohamishwa ni jina la mwenye kutoa amri. Kijana aliyecheza atakuapia kwamba anajua habari za Akka, na kweli anazijua, isipokuwa ile moja iliyo muhimu kuliko zote.

Msomaji anaweza kusema hilo ni la karne ya 12, tuachane nalo. Haya, tuje karibu. Februari mwaka 1991, majeshi ya Iraq yalipokuwa yakikimbia Kuwait kuelekea Basra, ndege za Marekani na washirika wake ziliushambulia msafara ule barabarani mpaka barabara ikageuka makaburi ya magari yaliyoungua. Picha zake zilienea dunia nzima, na Wamarekani wenyewe wakaiita Barabara ya Kifo. Oktoba 2019 ikatoka gemu moja ya mlolongo wa Call of Duty, uitwao Modern Warfare. Ndani yake kuna nchi ya kubuni, kuna barabara iliyojaa magari yaliyoungua, na jina ni hilo hilo, Barabara ya Kifo. Ila mchezaji anaelezwa kuwa walioipiga mabomu ni Warusi.

Watu walipolalamika, watetezi wakajibu kuwa nchi ile ni ya kubuni. Jibu hilo linachekesha. Kama ni ya kubuni, mbona jina la barabara halikubuniwa? Simtetei Mrusi, yeye naye ana yake kule Grozny na Aleppo, na vitabu vya hesabu yake havijafungwa. Ninachosema ni kwamba kijana aliyezaliwa mwaka 2005 hana kumbukumbu yoyote ya 1991. Kumbukumbu ya kwanza anayopewa ndiyo hiyo, na atakapokuja kuiona picha ya kweli atadhani anaitambua.

Falluja nayo haikuachwa. Mwaka 2009 kampuni ya Konami ilitangaza gemu juu ya vita vya mji huo vya Novemba 2004. Kelele zikawa nyingi, ikajitoa ndani ya mwezi huo huo. Mwaka 2021 gemu hiyo ikafufuliwa na watu wengine, na Juni 2023 ikaanza kuuzwa. Jumuiya ya Waislamu wa Marekani iitwayo CAIR ilizitaka kampuni za Sony, Microsoft na Valve zisiiuze. Humo mchezaji ni askari wa Marekani anayeingia nyumba za watu mlango kwa mlango. Watengenezaji walijisifu kuwa wamewahoji askari walioshiriki, na pia raia wa Falluja. Vema. Lakini mkono ulioshika bunduki ni wa nani? Huko ndiko moyo wa mchezaji uliko. Silaha ya fosforasi nyeupe, ambayo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikiri mwaka 2005 kuwa ilitumika katika mji huo, haiwezi kueleweka na mtu anayeutazama mji kutoka nyuma ya mtutu. Na tukumbuke kuwa jeshi la Marekani lenyewe lilitengeneza gemu yake, likaigawa bure tangu mwaka 2002 hadi 2022, kwa lengo lililotangazwa wazi la kuvutia vijana kujiandikisha. Wao wanajua nguvu ya chombo hiki. Sisi ndio bado tunakiita mchezo.

Sasa tufike nyumbani, maana msomaji wa Kilwa, Lindi au Mombasa huenda anajiona yuko mbali na haya.

Ipo gemu kongwe ya mikakati ya vita iitwayo Age of Empires II, iliyotoka mwaka 1999. Ninakiri kuwa ina mazuri yake. Ina sehemu nzima ya Salahuddin, ambapo mchezaji anaongoza jeshi la Waislamu, na msimulizi ni askari wa Kizungu aliyetekwa ambaye pole pole anagundua kuwa waliomteka ni waungwana kuliko wenziwe. Kwa miaka ile haikuwa kawaida. Mwaka 2015 ikatolewa nyongeza ya falme za Afrika, ikiwa na Mali, Ethiopia na Waberberi pamoja na Tariq bin Ziyad wao. Ndani ya nyongeza hiyo hiyo, iliyobeba jina la Afrika, wamo pia Wareno, na shujaa wao ni Francisco de Almeida. Moja ya hatua zake inapita katika pwani yetu hii.

Almeida ni nani? Ni yule aliyefika Kilwa Julai mwaka 1505 na merikebu zake. Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa, akakimbia. Mji ukaporwa, ikajengwa ngome, akasimikwa mtu wao. Kutoka hapo wakaenda Mombasa, mwezi uliofuata wakaiteketeza kwa moto baada ya watu wake kupigana mtaa kwa mtaa. Kilwa hii ndiyo Ibn Battuta aliyoifikia mwaka 1331 akaisifu kwa uzuri wa mji na ukarimu wa sultani wake. Ilikuwa na sarafu zake za shaba zenye majina ya masultani, na msikiti wake mkuu wenye makuba bado umesimama hadi leo. Wareno wenyewe hawakukaa, mwaka 1512 walikwishaihama ngome. Na Almeida hakurudi kwao. Mwaka 1510, alipokuwa njiani kurejea Ureno, aliuawa pamoja na watu wake wengi na Wakhoikhoi katika ghuba ya Cape Town, baada ya watu wake kwenda kuwasumbua wenyeji kijijini mwao.

Sisemi kwamba mtoto akimchezesha Almeida atageuka Mreno. Ninachouliza ni hiki: mtoto wa Kitanzania anapoketi katika banda la gemu pale Temeke, akashika usukani wa merikebu ya Almeida, je, anafahamu kuwa mji ulio mbele yake ni wa babu zake? Au Kilwa kwake ni jina tu la kituo cha kushinda, sawa na jina la barabara anayopandia daladala? Shule inamfundisha Almeida kwa mistari michache. Gemu inampa saa nzima, ikiwa na muziki.

Na wakati mwingine kosa halina ubaya, ni uzembe tu. Katika gemu ya Civilization ya mwaka 2016, ambayo historia huanzia miaka 4000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (AS), Zanzibar imewekwa kama dola ya mji, na zawadi yake kwa anayefanya urafiki nayo ni mdalasini na karafuu, bidhaa ambazo katika ramani nzima huzipati kwingine. Inapendeza! Ila karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Unguja na Pemba imeingia karne ya 19 tu, na ikaenea kwa amri za Sayyid Said, juu ya migongo ya watumwa. Ukiiweka karafuu Zanzibar tangu mwanzo wa dunia, umefuta safari ya mche na umemfuta mtumwa pamoja nao.

Tukimtaja mtumwa, turudi Baghdad.

Oktoba 2023 Ubisoft walitoa Assassin's Creed Mirage, inayotokea Baghdad mwaka 861. Kwa haki kabisa niseme: miaka kumi na sita ilikuwa imepita tangu ile ya Altaïr, na tofauti inaonekana. Safari hii waliwashirikisha wataalamu wa historia ya Kiislamu, akiwemo Glaire Anderson wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Gemu nzima inaweza kuchezwa kwa Kiarabu. Ndani yake zimewekwa makala fupi 66 za kusoma juu ya uchumi, elimu, imani na maisha ya Baghdad, pamoja na picha za vitu vilivyomo katika makumbusho. Mtu anatembea sokoni, anasikia adhana, anapita penye karatasi na vitabu. Mji wa duara wa Khalifa al-Mansur, ulioanza kujengwa mwaka 762 ukiwa na milango minne, na ambao leo haujabaki hata tofali la kuoneshwa mgeni, unausimamia na kuuona. Moyo wa Muislamu unatikisika, hata kama si mpenzi wa gemu.

Lakini kumbuka ule mnara wa Notre-Dame. Baytul Hikma katika gemu ni jumba kubwa la fahari. Wapo wanahistoria wakubwa, kama Dimitri Gutas, wanaoona kuwa Baytul Hikma ya kweli ilikuwa zaidi maktaba ya ikulu, na kwamba kazi ya kutafsiri na kutafiti ilienea majumbani mwa wanazuoni na matajiri waliowalipa. Mimi naona habari hii inatupa heshima zaidi, maana inaonyesha kuwa elimu ilikuwa ni ya jamii nzima. Jumba moja linaungua siku moja. Lakini watu wamezoea jumba, wakapewa jumba. Vilevile kuta za mji wa duara zilikuwa zimeharibiwa vibaya na vita baina ya al-Amin na nduguye al-Ma'mun mwaka 812 na 813, na mwaka 861 khalifa hakai Baghdad, yuko Samarra. Khalifa al-Mutawakkil aliuawa huko huko Samarra Desemba mwaka ule na walinzi wake wa Kituruki, huku mwanawe al-Muntasir akituhumiwa kujua njama hiyo. Gemu inamuua mikononi mwa wezi waliovamia kasri. Fitna ya baba na mwana na jeshi lisilolipwa, ambayo ndiyo somo lenyewe la zama zile, inageuka wizi wa usiku.

Katika mitaa hiyo mchezaji anakutana na mtu aitwaye Ali bin Muhammad, kiongozi wa waasi anayewakomboa watumwa. Naomba msomaji wa Pwani asimame hapa. Huyu ni mtu wa kweli, na jina lake katika vitabu vya tarekh ni Sahib al-Zanj. Mwaka 869 aliwaongoza watumwa weusi walioitwa Zanj, jina ambalo Waarabu waliliita pwani yetu hii, katika maasi makubwa kuliko yote ya watumwa katika dola ya Bani Abbas. Walikuwa wakifanyishwa kazi ya kukwangua ardhi ya chumvi katika mabwawa ya karibu na Basra, kwa makundi, kwa chakula duni. Walipigana miaka kumi na minne. Waliiteka Basra mwaka 871 na kuua watu wengi sana, wakajenga mji wao wakauita al-Mukhtara, mpaka al-Muwaffaq, nduguye khalifa, alipoubomoa mwaka 883. Imamu at-Tabari aliishi katika zama hizo na ameyaandika kwa kirefu.

Gemu imemwonyesha Ali bin Muhammad kama mkombozi safi. At-Tabari, ambaye alimchukia, amesimulia kuwa aliwaahidi wafuasi wake uhuru na mali, na kwamba wao nao watamiliki watumwa. Yeye mwenyewe hakuwa Mzanj, alikuwa mtu wa upande wa Rayy, Uajemi, akidai kuwa ni wa kizazi cha Sayyidna Ali (RA). Na wapo watafiti wanaosema si Wazanj wote waliotoka Afrika Mashariki, wengi walitoka sehemu nyingine za Afrika. Kwa hiyo si hadithi nyepesi. Ila niulize kwa uchungu: ni madrasa ngapi za Tanzania na Kenya zimewahi kumtaja huyu mtu? Tarekh tunayosomesha inaruka kutoka kwa Harun Rashid hadi kwa Wamongoli, na suala la watu weusi wa Basra tunalipita kimya kimya, labda kwa kuogopa kuwapa maneno maadui wa Uislamu. Matokeo yake Wafaransa ndio waliomtambulisha mtoto wa Kizaramo kwa Sahib al-Zanj. Ukimya wetu ndio uliowaachia nafasi.

Wapo Waislamu waliojaribu kujibu kwa chombo hicho hicho. Mwaka 2001 nyumba ya vitabu ya Dar al-Fikr ya Damascus ilitoa gemu juu ya intifadha ya kwanza ya Wapalestina, na mwaka 2005 timu hiyo ikaendelea na nyingine inayogusa mauaji ya waumini 29 ndani ya Msikiti wa Ibrahim, Hebron, Februari 1994. Hazikuwa na fedha za Ubisoft na picha zake zilikuwa duni. Lakini kwa mara ya kwanza mtoto wa Kiarabu alicheza akiwa si yule anayepigwa risasi.

Kwetu hapa kutengeneza gemu ya Kilwa ni jambo la vijana wetu wa kompyuta, nao wapo, wanangoja mtu wa kuwaamini na fedha. Yako ambayo hayangoji fedha. Mzazi atazame alama ya umri iliyo kwenye kasha, kwani gemu nyingi nilizozitaja zimewekewa miaka 17 au 18, nasi tunawanunulia wa miaka tisa. Ajue pia kuwa si zote zina damu. Mwaka 2018 Ubisoft walitoa toleo la Misri ya kale lisilo na mapigano kabisa, la kutembea na kujifunza tu. Humo kuna shule ambamo wasichana wanasoma pamoja na wavulana, na maelezo yanasema wazi kuwa zama zile haikuwa hivyo, wao wameamua tu. Unaweza usikubaliane na uamuzi wao, lakini angalau wamemwambia mtoto mahali walipobadilisha. Kwa Akka hawakumwambia.

Qur'an katika Suratul Hujurat imetuamrisha tuihakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na hakuna aliyesema kuwa amri hiyo haihusu habari zinazokuja kwa picha. Mwalimu wa tarekh anaweza kuanza na Akka hiyo hiyo. Awaache vijana waeleze walichokiona, nani alitoa amri na nani alikasirika, na waeleze kwa kirefu bila ya kukatizwa. Kisha awasomee masimulizi ya Bahauddin bin Shaddad, kadhi wa jeshi la Salahuddin, ambaye kitabu chake kinapatikana kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, na baada yake awasomee ile barua ya Richard. Nusu saa baina ya Alasiri na Magharibi inatosha. Wiki inayofuata wafanye Kilwa, na hapo ramani ya kutumia ni ya Mkoa wa Lindi.